Niliomba kuzalisha banamuke, bakanirudisha kucheza: neno "animatrice" na kazi yangu ya hopitali

Yambo bakubwa, na yambo ba mama bote munasoma na kunyamaza.

Niko Kambo wa bajukuu tisa, hapa Lubumbashi. Nilizaliwa Kenya, commune ya hapa hapa muji, nikakomea Kenya, sijahama. Nilisoma primaire mpaka mwaka ya tano, kwa hiyo munivumilie. Nukta na koma ni mujukuu wangu Mamie anaweka. Maneno ni yangu. Yote nitasema nilikuwa fasi, nilikuwa na macho, na bantu bengine ya wakati ile bangali bazima. Nikidanganya banisute hapa hapa.

Mamie anasoma kazi ya infirmière, muuguzi, mwaka ya pili. Jana alinisomea uzi ya binti mumoja. Binti anauliza hivi: mbele ya kuanza masomo ya infirmière alikuwa anacheza mu club, ile kucheza ya kuvua nguo, na video iko inazunguka mu telefone za bantu. Sasa anaogopa. Bakijua ku hopitali, batamuacha afanye kazi?

Na nyinyi mukamujibu nini?

Mumoja: "Amechafua blouse nyeupe." Mwingine: "Atafute kazi ingine." Mwingine anamutumia mustari ya Biblia, na hata ile mustari hakuiandika vizuri.

Blouse? Mimi nilivaa blouse miaka mingi ku maternité, fasi ya kuzalisha. Inachafuka mbele ya saa tatu ya asubui. Damu, maji, mavi ya mutoto. Njo kazi yake. Unafula, unavaa.

Hasira ilinikamata. Nikamwambia Mamie: leta hiyo telefone. Hata yeye hakujua hii habari. Batoto yangu banajua nusu.

Sasa musikilize.

Ilikuwa wakati ya Zaïre, wakati ya Chama kimoja. Majina ya Kizungu ilikatazwa, kila muntu alikuwa "citoyen" na "citoyenne", mwananchi. Bwana yangu alikuwa fundi ya mashini za shaba. Bakamutuma Kolwezi, akapata kule bibi mwingine, akasahau njia ya kurudi. Nikabaki na batoto babili. Nilikuwa na miaka makumi mbili na tatu.

Nikacheza mu boîte moja ya muji, club ya usiku ya Mugiriki mumoja. Miaka mbili.

Sitapamba. Ilikuwa kucheza mbele ya banaume, juu ya kimeza ya duara, na nguo zinapunguka moja moja mpaka zinabaki mbili ndogo. Muntu kunigusa, hapana. Mugiriki alikuwa na imbwa mukubwa, na hasira yake mwenyewe ilikuwa kubwa kupita ya imbwa. Haikuwa kazi ya kujisifu. Haikuwa pia kazi ya kulia. Magoti iliniuma sana, ile njo nakumbuka.

(Kwa bale bataniuliza: hapana, picha hakuna. Wakati ile picha ilikuwa ya ndoa na ya carte d'identité.)

Siku moja, muchana, jirani yangu Mama Feza alishikwa na uchungu mu parcelle, uwanja ya nyumba zetu. Yeye ni wa bale Baislamu bantu ya Maniema, mushonaji wa nguo, mwanamuke wa heshima. Bwana yake yuko ku soko. Mutoto hakungoja. Nilipiga magoti kwa udongo, nikaona kichwa, nikaona kitovu imezunguka shingo. Hakuna muntu alinifundisha. Niliingiza kidole, nikaitoa pole pole, sawa vile unatoa mukufu kwa mutoto analala.

Mutoto akalia.

Infirmière alifika nyuma, jasho usoni, mupira ya kinga, baiskeli yake, imepasuka njiani. Akatazama mutoto, akatazama mikono yangu.

— Nani alikufundisha?

— Hakuna.

— Mikono yako haitetemeke. Kwenda ku hopitali. Banatafuta banamuke ya kufundisha aide-accoucheuse.

Aide-accoucheuse ni musaidizi wa kuzalisha. Kwa ile kazi primaire ilitosha. Na muangalie: ule mama hakuniuliza ninalala wapi wala ninacheza wapi. Aliangalia mikono.

Nikamuaga Mugiriki. Imbwa alinisindikiza mpaka ku mulango.

Sasa mateso inaanzia ku karatasi.

Hopitali ilitaka attestation ya zone, karatasi ya kusema muntu huyu iko na mwenendo muzuri. Nikaenda. Karani alikuwa muzee mupole, abacost yake, koti ya wakati ya Chama, imekwisha ku shingo.

— Citoyenne, ulikuwa unafanya kazi gani?

— Danseuse. Mu boîte.

Akaweka bic ya kuandika chini.

— Mama. Hii karatasi ni ya mwenendo muzuri. Niandike mwenendo iko muzuri, na mustari ya chini niandike ulikuwa uchi?

— Sikuwa uchi. Nguo mbili zilibaki.

Akacheka mpaka akakohoa. Akajipanguza macho.

— Kule mu boîte, ulikuwa unafurahisha bantu?

— Njo kazi, tata.

— Bakilala, unabaamusha?

— Nabaamusha.

— Basi: animatrice. Ni Kifaransa, haina zambi.

Akaandika, akapiga muhuri. Nilimushukuru na mikono mbili! Nilizani amenivalisha nguo muzuri. Kifaransa yangu ilikuwa "bonjour" na "encore un verre", glasi ingine, ningejua nini?

Bavijana, hamujui hii, kwa hiyo nasimama kidogo. Wakati ile kila fasi ya kazi, hopitali, banki, masomo, ilikuwa na groupe ya animation. Kuimba na kucheza kwa kusifu Chama na Kiongozi. Haikuwa kupenda. Ukikosa, jina yako inaandikwa. Banamuke banavaa pagne yenye sura ya Kiongozi, na sura inakuja kukaa sawasawa juu ya matako. Hakuna alicheka, ao alicheka nyumbani. Na ule mwanamuke anaongoza groupe, anaitwa nani?

Animatrice.

Munaona sasa.

Directeur ya hopitali (sitataja hopitali wala jina, bajukuu yake banaishi vizuri, babaki hivyo) alisoma karatasi yangu, akasimama mu kiti.

— Animatrice! Miaka ngapi?

— Mbili, Citoyen Directeur.

— Mbele ya bakubwa?

— Bakubwa mingi balikuja. Ba ingénieur, ba patron, hata bageni ya Kinshasa.

— Balifurahi?

— Balikuwa banapiga mikono, bengine banasimama juu ya kiti.

Mimi nazani anajua. Nilisema moyoni: huyu muntu iko na roho muzuri, hana aibu na mimi. Kumbe groupe yake ilikuwa ya mwisho mu concours, mashindano ya zone, na delegate ya Chama alikuwa anamusumbua. Akanichukua pale pale. Aliacha mabinti tatu ya secondaire ku mulango.

Lundi ya kwanza, jumatatu, saa moja ya asubui, banatuita mu lupango, uwanja ya hopitali. Nilizani ni kufundishwa kunawa mikono.

Bananipa ngoma.

Comptable muntu ya hesabu, ba infirmier, bapishi, bote bananitazama. Directeur anasema: "Citoyenne, tuonyeshe!" Pale njo nilielewa. Nifanye nini? Niseme, bananifukuza. Nikafunga pagne, nikacheza. Na juu ya kuwa nilikuwa najua kazi, nikacheza vizuri. Kosa ya kwanza ni ile karatasi, ya pili njo ile.

Kutoka siku ile sikupumua. Benzangu beko mu salle ya kuzalisha banafundishwa kupima tumbo. Mimi niko mu lupango nafundisha comptable kukata kiuno. Kiuno ya ule tata ilikuwa sawa kabati! Benzangu banaona mutoto akizaliwa matako mbele. Mimi nashona mauwa ya karatasi. Nilitoka juu ya kimeza ya Mugiriki kusudi nisicheze tena, nikaingia fasi ya kucheza kila siku, na huku hata limonade hakuna.

Mukubwa wa salle alikuwa Mama Ngalula, mwanamuke wa Kasai, alisoma sana, mukristu mugumu. Hakunipenda.

— Weye wa ngoma, ulikuja kuzalisha ao kutikisa?

— Kuzalisha, mama.

— Basi mbona sikuonake?

Nikaanza kumufuata saa ya kula. Benzangu banakula, mimi nasimama nyuma yake na kuangalia. Hakunifukuza. Siku moja akanisukumia mwanamuke wa mimba ya kwanza, akakaa kwa kiti, akafunga mikono. Nilizalisha peke yangu. Kesho yake akanipa zamu.

Ikabaki juma mbili mpaka ku examen, na concours ilikuwa ule mwezi, siku kidogo mbele ya examen. Delegate ya Chama akaja kuona repetition, mazoezi yetu. Akanitazama. Akatazama tena. Akatoa miwani, akaifuta, akairudisha.

Kesho yake bananiita ku bureau. Directeur, delegate, Mama Ngalula. Attestation yangu iko juu ya meza.

Delegate anasema:

— Huyu mwanamuke alikuwa anacheza mu boîte. Uchi. Amechezea Chama na Kiongozi. Afukuzwe, na asiguse tena mama ya muntu.

Directeur amekuwa rangi ya majivu.

— Ni kweli, citoyenne?

— Kweli, lakini nguo mbili zilibaki. Nilimwambia karani "danseuse". Yeye njo aliandika ile. Na weye, Citoyen Directeur, uliniuliza kama bakubwa balifurahi. Balifurahi! Sikusema bongo, sikudanganya hata neno moja.

Mama Ngalula akageukia delegate, polepole:

— Citoyen Delegate, na weye mule mu boîte ulikuwa unatafuta nini?

— Mission ya Chama!

— Mission, nikasema mimi. Samedi yote, kila jumamosi. Meza ya mbele.

Munazani aliona haya? Kabisa! Alipiga meza, akalalamika zaidi. Ba jamaa ya vile hawaonake haya, musidanganywe na mahadisi. Haya njo ilibaki kwangu, na Directeur alikuwa tayari kunitupa.

Lakini Mama Ngalula akasema:

— Munataka kumufukuza juu alitikisa kiuno mbele ya bantu? Mimi niko kambo, niko shemasi ku kanisa, na lundi yote munanitikisisha kiuno mu lupango na sura ya muntu ku matako. Tofauti iko wapi? Yeye alichagua, mimi sikuchagua. Huyu iko na mikono. Mimi nataka mikono.

Directeur akafikiri, na munajua alipata jibu gani? Alisema: "Abaki mpaka concours ipite. Nyuma yake, tutaona."

Eh! Niko muchafu kwa kuzalisha, lakini niko safi kwa kucheza!

Pale njo moyo ulipasuka. Nikafungua pagne ya groupe, nikabaki na blouse, nikaweka ile pagne juu ya attestation.

— Sitacheza tena. Kwa Mugiriki siku nilitaka kuacha, niliacha, na aliniambia kwenda muzuri. Munifukuze sasa hivi, ao muniache ku salle. Kiuno yangu imekwisha kazi.

Nikatoka.

Hakuna alinifuata. Nilirudi ku salle, mwanamuke mumoja alikuwa karibu, nikafanya kazi. Nikarudi kesho. Nikarudi kesho kutwa. Kila asubui nazani ni leo. Kumbe Mama Ngalula alibaambia: akienda huyu, mimi naandika barua ya kuacha. Na bazalishaji ba diplôme hawakuwa mingi.

Groupe ikawa ya mwisho tena. Comptable alianguka mbele ya tribune, pale bakubwa banakaa.

Examen nilishinda. Wa pili.

Sasa binti, na hii njo sehemu sitaki kukuficha: kazi nilipata, lakini haikuwa bule. Mpaka pension nilibaki aide. Kila mwaka liste ya kupandisha inatoka, jina yangu hakuna. Nikiuliza: "Dossier yako iko na kitu." Kitu gani? "Kitu." Mabinti nilibafundisha kushika mukasi balikuwa bakubwa yangu, bananiagiza maji moto. Hakuna hata mumoja alinieleza usoni. Wakati mingine hii inaniuma kupita ile siku ya bureau.

Kwa hiyo sikia Kambo.

Bakikuuliza, sema neno yenyewe, na sauti ya kawaida. Kama hawakuulizi, hauna lazima ya kujitangaza ku mulango. Lakini usikubali muntu, hata mwenye roho muzuri, akuandikie neno ya kupamba. Ile neno itakuwa bwana yako, utaitumikia.

Ingine: tafuta ku kazi muntu mumoja mugumu, anapenda kazi kupita bantu. Umuonyeshe mikono yako mbele bengine hawajamuonyesha video. Bapole hawatakusaidia, beko banaogopa.

Na usome. Shinda examen. Muntu anakuchukia, lakini saa ya kutafuta mushipa anaita mwenye anajua.

Miaka yote ile, banamuke yenye nilizalisha, ya Kenya, ya Ruashi, bibi za bakubwa na bibi za bachimbaji, hata mumoja hakuniuliza nilikuwa nani. Baliuliza kitu kimoja: "Mama, iko karibu?" Na mimi: "Iko karibu, mama, sukuma."

Nimemaliza. Uwanja ni yenu, muandike, mutukane mukitaka, masikio yangu ni ya zamani. Lakini mwenye anataka kutukana huyu binti, aandike kwanza hapa chini: weye ulipokelewa na mikono ya nani, na mama yako, kichwa yako ikiwa ku mulango, aliuliza zile mikono zilitoka wapi?