Boksi la Sabuni la Zai

Uvumilivu uliniisha Jumatatu niliyomkuta binti yangu Zai kakaa sakafuni, anabonyeza boksi la sabuni. Kalichorea vitufe kwa kalamu, A, B, C hadi Z, vimenyooka kama watoto wa mstarini. Yuko darasa la sita hapa Kibaha, mtihani wa kompyuta ni wiki ijayo, na hajawahi kugusa kompyuta. Shuleni kwao zipo ishirini.

Nyie tuliosoma wote Chole, kule Kisarawe, mnakumbuka kitabu chetu cha Sayansi? Kimoja, watoto watano. Kililala kwa zamu. Ikifika zamu ya Mwajuma, jioni wote tuko kwao, tumebanana mkekani, mihogo ya nazi inatokota jikoni na kutuvuruga akili. Mwenye zamu ndiye anayefunua kurasa, na maringo yake sasa, utadhani kakiandika yeye. Kilinuka moshi na mafuta ya nazi. Picha ya moyo ilifutika kwa kupapaswa. Siku nilipokifungia kabatini eti kisichafuke, mama alinitoa mbio: "Kitabu msipokifungua nyie, atakifungua panya."

Basi nikajifunga kanga, nikaenda shuleni. Mwalimu wa kompyuta ni kijana wa juzi tu, shikamoo za watoto anaziitikia macho yapo kwenye simu. Akanieleza kwamba siku hizi masomo yako mtandaoni, kazi anazituma kwenye grupu la wazazi, mtoto apewe simu nyumbani asome. Nikamwonyesha simu yangu ya tochi. Akacheka, akanipeleka kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu akatoa ufunguo mfukoni, akanifungulia chumba kwa fahari. Jamani. Kompyuta zimejipanga, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma na ua la plastiki juu, kama makochi ya bibi harusi. Hufunguliwa wageni wakija.

"Mama Zai, watoto wataziharibu," akasema.

"Sasa hizi zenyewe zinasoma darasa la ngapi, mwalimu?"

Nikafunua kitambaa kimoja. Herufi hazikuanza na A. Zilianza na Q, zimechanganyika zote. Nikamkumbuka mwanangu pale sakafuni, anakariri kwa bidii kitu ambacho hakipo.

Mwalimu mkuu akaniambia kama sijaridhika niandike barua. Sisi tulisoma kwa zamu, lakini tulisoma. Nikaandika kwa mkono, nikapeleka kwa Afisa Elimu Kata, na nakala yangu nikagongewa muhuri:

YAH: MALALAMIKO JUU YA KUFUNGIWA CHUMBA CHA KOMPYUTA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la sita. Nalalamika kwamba watoto wanatahiniwa kitu walichonyimwa kukigusa. Naomba chumba kifunguliwe, waingie kwa zamu, na mtihani usubiri mpaka kila mtoto ameingia. Wakiharibu moja zitabaki kumi na tisa. Kitabu chetu kilichanika, tukakishona kwa uzi, tukaendelea kusoma. Watoto wetu hawana hata cha kuchana.

Kiambatanisho: boksi moja la sabuni. Naomba muangalie herufi zilivyopangwa.