Kikohozi Nilichomficha Nesi

Hili jambo wodi nzima inalijua na padri nimemwungamia, lakini kulisimulia mwenyewe kwa hiari yangu ni leo tu, kwa hiyo mkicheka chekeni taratibu.

Mwaka jana baada ya kuvuna mpunga nilipata kiharusi shambani kwetu Lupiro, upande wa kulia ukalala, mdomo ukapinda, nikaletwa hospitali Ifakara na siku tano nzima sikuruhusiwa kupitisha hata tone mdomoni (uji uliingia kwa mpira wa puani, mimi niliyezoea kumaliza sinia la wali peke yangu). Jumamosi ilikuwa sendofu ya binti yangu Agnesi, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Ijumaa asubuhi nesi Editha akaja na kijiko cha chai na glasi ya maji, akanikalisha wima.

"Shikamoo baba. Kila ukimeza useme 'aaa', nisikie kama sauti ina maji. Ukikohoa tunaacha, maana yatakuwa yanaingia kwenye mapafu."

Vijiko vitatu vikapita. Kwenye glasi, funda la pili nikalihisi linakwenda siko, na saa hiyohiyo mgonjwa wa kitanda cha jirani akamwita nesi, naye akageuka, nami nikazika uso kwenye mto nikakohoa kimyakimya.

"Umekohoa, baba?"

"Hapana."

"Na hayo machozi?"

"Namuwaza binti yangu."

Akaniamini. Akaandika nianze vyakula laini, mpira ukatolewa, kesho yake daktari akaniruhusu.

Ukumbini MC akatuita wazazi tulishwe keki. Agnesi akanikatia kipande kikubwa (anajua baba yake hapendi vidogo), akanilisha kwa mkono wake, na ile keki ikakwama. Nikafungua mdomo, sauti hakuna. MC akatangaza, "Baba analia kwa furaha jamani!" Vigelegele vikazidi, muziki ukapandishwa, na mimi nimeng'ang'ania gauni la binti mpaka likachanika begani, makombo na kamasi vinanimwagika mbele ya wakwe, suruali mpya imelowa. Ni Agnesi aliyeona midomo yangu imegeuka rangi.

"Baba anakufa! Nimemuua baba!"

Hapo ndipo muziki ulipozimwa. Shemeji yangu akanipiga mgongoni mpaka keki ikatoka, nikapakiwa kwenye bajaji, nikarudi kitanda kilekile, na homa ya mapafu juu. Agnesi alikesha kando yangu na gauni lake lililochanika.

Jumatatu msimamizi wa wodi akamsimamisha Editha mbele ya wagonjwa. "Huyu ulimpimaje?" Akajibu alipima kama alivyofundishwa. "Ungempima, angekuwa hapa?" Binti wa watu akainamisha kichwa. Ningeweza kunyamaza, ulimi mzito ulikuwa kisingizio kizuri, lakini nikasema, tena mara tatu ndipo wakanielewa: "Nilikohoa. Nikamficha."

Editha hakunigombeza, alininyooshea mto tu. Aliyetoka nje ni Agnesi.

Harusi ilifungwa mimi nikiwa na mpira puani, kaka yangu akamsindikiza kanisani badala yangu. Siku hizi nameza, wali uliopondwa na uji mzito, kidevu chini kama walivyonielekeza, na kliniki wakinipima namwambia nesi hata mkwaruzo mdogo wa koo. Kudanganya sirudii tena. Lakini Agnesi akija kutoka kwa mumewe huko Mlimba, kikombe hanipi mkononi. Anakiweka kwenye stuli, anarudi nyuma hatua mbili, anasimama kunitazama koo mpaka nimalize.