Mpelelezi Aliyepikishwa Chai

Juzi nilimtembelea dada yangu kule Masaka, pembezoni mwa jiji letu, nikamkuta binti yake amejikunja kwenye kochi, simu mkononi, nyaya masikioni, anatazama tamthilia ya polisi. Nikamuuliza mkubwa wao ni nani. Akanijibu bila kuinua macho, "Si ni huyu mama, tanti," kana kwamba nimeuliza iwapo maji yanalowesha. Nilicheka, rafiki yangu, lakini moyo ulinichoma kidogo. Jibu hilo mimi nililipigania.

Tulikulia Nyakabanda, mtaa wa mlimani jijini, kwa bibi. Televisheni ilikuwa moja tu uchochoroni kwetu, ya jirani fundi viatu aliyekulia Uganda. Kiingilio chetu watoto kilikuwa jerikeni moja ya maji kutoka bombani, na jirani hakuwa na mchezo: mkono mtupu, mlango umefungwa. Jumapili baada ya misa tulipanda mlima na maji yetu, nguo za kanisani zikilowa mgongoni, kisha tukabanana sakafuni tukitafuna karanga za moto. Bibi alikuja na kigoda chake. Yeye alirudi kutoka Burundi na Kiswahili chake, na nusu ya chumba walikuwa watu wa Bujumbura na Kongo, kwa hiyo jirani alisimama kando ya televisheni akitutafsiria kwa Kiswahili.

Tamthilia ilikuwa ya polisi, kwa Kiingereza, na wapelelezi wake walikuwa wanne: mzungu mwenye kitambi, Mhindi wa kilemba, kijana wa Kichina, na mwanamke mweusi mrefu, nywele fupi kama za bibi. Wavulana waligawana wale wanaume, kila mmoja na shujaa wake. Mimi niliachiwa yule mama, na kwa jirani yule mama hakuwa kitu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ngumi na bunduki jirani alizitafsiri mpaka jasho likamtoka. Ila yule mama alizungumza marefu, na Kiingereza cha jirani, alichookota sokoni, kiliishia njiani. Kunyamaza mbele za watu hakutaka. Siku moja mama alinyoosha kidole, wanaume watatu wakaruka kutoka vitini, na jirani akatangaza, "Anasema chai iko tayari."

Chumba kizima kikaridhika, na tangu hapo kila alipozungumza ikawa ni chai. Mimi je? Chai gani hiyo inayowatoa watu mbio na bastola? Bibi alipenda kusema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, basi nikauliza. Jirani akaniambia ninyamaze au nitoke.

Nilikasirika, kusema kweli. Nikaapa nitakijua hicho Kiingereza. Shuleni ndiyo kwanza tulikuwa tumeacha Kifaransa na kuingia Kiingereza, na mwalimu wetu mwenyewe alikuwa akijifunza leo cha kutufundisha kesho. Alichokijua vizuri ni kuamuru: simameni, kaeni, leteni, nyamazeni. Nami nikayakariri hayo hayo nikisugua masufuria kwa majivu, nikichochea moto wa maharage, mpaka wapita njia wakadhani nimerogwa. Halafu Jumapili moja yule mama wa kwenye televisheni akafungua kinywa, nikamsikia mwalimu wangu. Kaa. Lete. Nyamaza. Na aliyekuwa akiamriwa ni mzungu wa kitambi!

Nikasimama. Nilijua naweza kuukosa mlango ule milele, na pengine bibi naye aukose kwa sababu yangu.

"Hapana! Huyu mama haiko anapika chai. Iko anaamuru muzungu. Ni yeye bosi!"

Wavulana waliangua kicheko. Jirani akazima televisheni.

"Kama unajua sana, mutoto, kuja usimame hapa wewe."

Kabla sijajongea, bibi alikohoa kwenye kigoda chake.

"Washa, baba. Tumusikilize. Mimi najiuliza siku zote, huyu mama wa chai, mbona sijamuona na hata kikombe?"

Hapo hata jirani alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta. Akawasha. Nikasimama alipokuwa amesimama, nikasema nilichokielewa, na nisichokielewa nikasema sijui. Kuanzia siku hiyo tukagawana kazi: yeye mapigano, mimi maneno ya yule mama. Na kila yule mama alipotokea kwenye picha, bibi alinyoosha mgongo kama anayeitwa kanisani.

Siku hizi ukipita Nyakabanda hutaiona nyumba ile. Wamejenga ghorofa. Jirani alihama, nasikia amefariki, na bibi tulimzika. Kila mtu ana televisheni yake mfukoni, maandishi yanapita chini ya picha, na hakuna wa kukudanganya. Ni vizuri, sikatai; sitaki mtoto yeyote adanganywe tena. Lakini kuna kitu tumekipoteza, na nitaendelea kukisema hata kama vijana wananiona mzee. Ni chumba kile kizima cha watu wazima, waliokubali mchana mmoja kubadili mawazo yao pamoja, kwa neno la mtoto wa kike.