Kikombe cha Wali cha Bibi Kwenye Mizani

Enzi zetu pale Mlowo, wali uliopikwa ulipimwa kwa kikombe. Nasema na ninyi mliokula ugali wiki nzima mkisubiri Jumapili, mkatoka kanisani mbio kwenda kunusa jikoni kama ni kweli. Watoto wa siku hizi wanasukuma sahani eti wali hauna kuku. Sisi tuligombea ukoko, na aliyeupata aliutafuna polepole makusudi, wenzake waone.

Bibi yangu, aliyetulea mimi na kaka yangu Tumaini, alikuwa na kikombe cha bati cheupe, mdomo wa buluu, kimebanduka rangi upande mmoja. Wali wa mchele wa Kamsamba ukiiva, maharage yakiwa tayari, alitukalisha kwenye mkeka, akajaza kikombe na kukipindua kwenye sahani. Kila mtu kimoja, na yeye kimoja. Wetu ulisimama kama kichuguu, unatoa mvuke. Wa kwake ulibomoka kila mara, tukamcheka kwamba anajua kupindua wa wenzake tu. Tumaini naye, jicho kama la mnunuzi wa kahawa, hakukosa kulalamika kuwa wangu umezidi. Bibi alimjibu vilevile kila Jumapili: "Kikombe ni kimoja, mume wangu. Kula." Kesi imeisha.

Sasa niko Tunduma, nauza kwenye duka la nafaka, na nikipata mtaji nafungua mgahawa wangu wa wali. Jina nimeshachagua, bado mgahawa wenyewe tu.

Mwaka huu Bibi aligundulika ana sukari. Muuguzi akamwambia wali anaruhusiwa, ila ukishapikwa usizidi gramu mia moja na hamsini kwa mlo. Bibi gramu hazijui, anajua kikombe. Kwa woga akaacha wali kabisa. Shangazi, anayekaa naye, akanipigia simu: mama anakula majani matupu, nguo zinampwaya. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni, nikapanda gari.

Kazi yenyewe nyepesi: kujua kikombe chake kina gramu ngapi. Nikapika. Nikaweka sahani tupu kwenye mizani, nikairudisha sifuri, nikajaza kikombe kama alivyotujazia sisi, nikishindilia kwa mgongo wa mwiko, nikapindua. Mia mbili na hamsini. Nikanywea. Nikamwambia Bibi kuanzia leo ni nusu kikombe na kidogo juu yake, basi.

Akautazama ule wali uliosimama, akatabasamu.

"Huo ni wa kwenu, mke mwenzangu. Lete nipime wangu."

Akachota kwa ncha ya mwiko, akaudondosha taratibu, bila kuugandamiza, mpaka ukafika kwenye mdomo wa buluu. Kikombe kilekile, kimejaa vilevile. Akapindua, ukabomoka sahanini. Mizani ikasoma mia moja arobaini na tano.

Nikasoma tena. Nikakumbuka zile Jumapili zote na jinsi tulivyomcheka. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kutuambia. Akasema angetuambia nini, wakati kikombe kilikuwa kimoja.

"Halafu ninyi mlikuwa mnakua," akaongeza, akavuta sahani yake, akala wali bila woga.

Jioni nikampigia Tumaini, nikamtajia uzito wa kikombe chetu na wa kikombe cha Bibi. Fundi wa malalamiko akauliza tu kama Bibi ameshiba.

Siku hizi tunapima kila kitu, na ni vizuri, maana bila mizani Bibi angeendelea kula majani. Zamani hatukuwa na mizani, tukaamini tumegawana sawa. Mgahawa wangu utakuwa na mizani, wateja wa leo wanapenda hesabu. Ila kile kikombe cheupe nimeshakiomba. Kitakuwa cha kupakulia watoto, na nitakishindilia.