Taa ya Baba, Moto wa Mama

Enzi zetu giza halikumshtukiza mtu. Lilikuwa na saa yake, nasi tulikuwa na yetu iliyotangulia. Kule Makete nilikozaliwa, ilipotimia saa kumi na moja jioni, marehemu baba aliweka chemli mbili juu ya gogo nje ya nyumba, nasi watoto tukaacha kombolela hata kama mchezo ulikuwa umenoga. Mmoja alisugua kioo kwa gazeti kuukuu, mwingine alikata utambi kwa mkasi, wa tatu alimimina mafuta ya taa bila kumwaga tone. Kiberiti kilikaa juu ya kabati, upande wa kushoto, na aliyekihamisha alijieleza. "Taa haitafutwi gizani," baba alisema kila jioni, kana kwamba hatujapata kuisikia kauli hiyo.

Nayaandika haya ili kumbukumbu ziwe sahihi, kwa kuwa nimewasikia vijana wetu hapa Minnesota, Marekani, wakisema kwamba sisi tulikulia gizani. Si kweli. Umeme hatukuwa nao. Mwanga tulikuwa nao, na harufu yake ya mafuta ya taa iliyochanganyika na viazi vya kuchoma naisikia mpaka leo. Walio gizani ni wao, ambao simu zikiishiwa chaji huketi wakitazamana kama wafiwa.

Kabla ya kustaafu na kuja kuishi Columbia Heights pamoja na mke wangu, nilikuwa afisa masjala. Kwa hiyo majira ya baridi ya mwaka juzi, barafu ilipoangusha nyaya na umeme ukakatika, sikuridhika na ujumbe wa simu ulioahidi kwamba utarudi hivi punde. Hivi punde si saa. Binti yetu Upendo, ambaye ni muuguzi, alitufuata mara moja, chai ikiwa bado ya moto mezani, akatupeleka kwake Inver Grove Heights. Njiani alitamka uamuzi wake: kama nyumba yetu haitakuwa na maandalizi ya kueleweka kabla ya baridi ijayo, tutahamia kwake kuanzia Novemba hadi Aprili. Nampenda binti yangu. Lakini mtu aliyetunza majalada ya wilaya nzima hahamishwi kama kabati.

Nikafungua jalada. Nilinunua taa sita za betri, nikazipa namba, nikapanga kila moja mahali pake. Kiberiti na mishumaa ya akiba vilikaa juu ya kabati, upande wa kushoto. Kwenye safu ya joto niliandika: nyumba hupashwa kwa gesi, haihusiki na umeme. Kisha, Jumamosi moja ya Novemba, nilimwalika Upendo na binti yake Imani, mwenye miaka tisa, waje kushuhudia zoezi. Nikazima swichi kuu mbele yao.

Taa ziliwaka kwa utaratibu wa kupendeza. Nikawasimulia habari za chemli. Katikati ya simulizi nikaona mke wangu anajifunika kanga ya pili, na Imani, ambaye husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, akauliza kama Babu anakusudia kutupasha joto kwa jalada. Upendo alikuwa akitazama kipimajoto ukutani.

"Baba, umejiandaa kwa giza," alisema kwa upole. "Huku kinachoua ni baridi."

Nilishuka chumba cha chini ya nyumba. Mtambo wa joto ulikuwa kimya. Gesi ilikuwapo, ndiyo, lakini feni inayosukuma hewa ya moto vyumbani huzungushwa na umeme. Nilipopendekeza tuingize jiko la mkaa, Upendo alikataa katakata: jiko letu la Makete lilipumua kupitia paa la nyasi, ilhali nyumba za huku zimezibwa kila upenyo, na moshi usioonekana huua watu wakiwa wamelala.

Mke wangu alikuwa amenifuata hadi ngazini. "Baba Upendo," aliniambia, "baba yako umemwandikia jalada zima. Mama yako yuko ukurasa gani?"

Mama hakuwa na gogo wala saa. Kabla ya kulala alifukia makaa kwa majivu, na alfajiri, nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu, aliyafukua na kuyapuliza, tukaota moto ndipo tukakimbilia shule miguu mitupu. Watoto wa majirani walitumwa kwetu na vigae vya vyungu kuomba moto. Sisi hatukutumwa kwa mtu. Na kwa kuwa makaa yale hayakuzimika hata siku moja, hakuna aliyeyataja. Hilo ni kosa la masjala, na nalikiri.

Nilirekebisha jalada kwa wino mwekundu. Fundi umeme mwenye leseni, Mkenya mwenye duka lake mtaa wa Frogtown, alifunga swichi inayouwezesha mtambo wa joto kutumia betri kubwa. Betri inakaa chini ya nyumba wala si gereji, maana baridi kali huidhoofisha. Jenereta ndogo ya kuichaji huwashwa nje, mbali na madirisha. Kila siku saa kumi na moja jioni mimi huikagua betri. Upendo alikuja, akatazama, akasema tutaona.

Tuliona Januari, Jumapili alasiri. Dhoruba ilikata umeme kote. Upendo alipiga simu, nami nikamsomea kipimajoto kwa sauti ya kiofisi: nyuzi sitini na nane kwa kipimo cha huku, yaani ishirini za kwetu. Kisha akauliza kama wanaweza kuja, kwa sababu kwao nyumba ilikuwa imeanza kupoa.

Walifika wamejitanda mablanketi, Imani amekumbatia simu mbili zilizozimika, hasa kama wale watoto na vigae vyao. Zamani moto ulibebwa kwa mkono, ukalindwa njia nzima usizimike; siku hizi unapita ndani ya waya, na hakuna anayeujua mpaka unapokoma. Laiti mama angewaona mlangoni. Nilifungua jalada, nikaandika: Upendo na Imani wamekuja kuomba moto. Wamepewa.