Barafu Iliyoliwa kwa Chini

Mama Barafu alipewa jina hilo sokoni kwa wavuvi, naye hakulikataa kwa sababu lilimtangaza bure. Alianza na ndoo moja ya barafu, akajivuta mpaka akawa na banda la kukodi na mkokoteni. Kilichomkaa rohoni ni kiwanja kimoja kando ya gati, ajenge ghala lake mwenyewe. Mwenye kiwanja, kinyozi mstaafu asiyeishiwa maneno, alishakubali bei. Zilibaki saini tu.

Wiki hiyohiyo akaja mtoto wa kaka yake, binti anayepima joto la bahari kwenye meli za utafiti. Alikuwa ametoka ncha ya kusini ya dunia.

"Shangazi, hapo ufukweni usinunue."

"Ulitumwa kupima barafu au kunivunjia biashara?"

Binti akamweleza. Kule, barafu ya nchi kavu huteremka mpaka baharini na kuelea kama baraza kubwa lililoshikana na nyumba. Siku hizi upepo umebadilika, na maji ya kina, yenye chumvi zaidi na ujoto kidogo, yanasukumwa chini ya baraza hilo. Yanaila kwa chini. Ukisimama juu, unaona weupe mtupu.

"Ujoto gani huo?"

"Ukitia mkono utalia kwa baridi. Lakini barafu inauhisi."

"Mbona barafu ikiyeyuka kwenye bilauri, maji hayamwagiki?"

"Kweli, kwa sababu inaelea. Ila baraza ndilo linaloizuia ile ya nchi kavu. Likikonda, ya nyuma inateremka upesi, na hiyo ndiyo inayoipandisha bahari."

"Basi ikifika hapa nitaipasua niiuze," shangazi mtu akasema, akaenda kulala.

Asubuhi mchuuzi wa samaki akaja kuchukua mzigo wake. Mama Barafu alikuwa na namna yake ya kukagua: anafunua gunia, anagonga tofali la barafu kwa ndoana, likilia vizuri basi limepita. Matofali yaligongwa, yakalia. Lakini magamba ya samaki yalikuwa yameziba mfereji wa banda, na maji ya chumvi kutoka kwenye makreti ya jirani yalituama chini ya barafu usiku kucha. Tofali la kwanza lilipoinuliwa, tumbo lake lote halikuwepo.

"Mama, mimi nimeagiza barafu, wewe unaniuzia bakuli!"

"Chukua za nyuma, na uchunge mdomo."

Alizibua mfereji kwa mkono wake. Mchana akaenda kwa kinyozi.

"Sinunui. Nikodishie miaka mitano."

"Kwani bahari imekunong'oneza nini, mama?"

"Nikodishie."

"Kiwanja changu kinauzwa, hakiazimwi."

Alipandisha kodi, akapunguza miaka, akajifanya anaondoka. Kinyozi hakumwita arudi. Kabla ya mwezi kwisha alimuuzia mtu mwingine, na ghala likasimama, zuri, na sakafu yake kavu.

Mama Barafu alipata chumba juu mlimani, nyuma ya gereji. Msukuma mkokoteni anautukana mlima huo kila asubuhi, na safarini mzigo unapungua kidogo. Pale sokoni wanamtania kwamba alimkimbia adui aliye upande wa pili wa dunia. Yeye anawapimia barafu yao, anapokea chake, na kodi ya mlimani ameshailipa hadi mwakani.