Miguu Nyuma ya Mashuka

Mama Pasi alikuwa mtu wa kazi. Alinyoosha mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli moja, chini kabisa ya jengo, penye mvuke na mngurumo wa mashine kutwa nzima. Wenzake walimpenda kwa utani wake: shuka lenye makunyanzi alilisema kama mkwe mkorofi.

Mdogo wake wa kike alipofariki, utani ulikauka. Hakulia. Alirudi kazini mapema, akashika pasi. Kisha mchana mmoja, mashine zimezimwa na wenzake wamekwenda kula, aliona miguu chini ya mashuka yaliyoanikwa. Miguu mitupu ya mwanamke, inachuruzika maji.

"Nani hapo?"

Akavuta shuka. Hapakuwa na mtu, na sakafu ilikuwa kavu.

Tangu hapo miguu ikawa mgeni wake, na kila ilipokuja ilisimama karibu zaidi.

Mumewe alisema ni uchovu. Daktari alimpima, hakuona kasoro, akamwelekeza kwa mama mmoja, mtaalamu wa tiba ya mazungumzo.

"Kwa hiyo mimi ni kichaa?"

"Wangekuwa wanakwenda kwake vichaa peke yao," daktari alimjibu, "yule mama angekuwa anapiga miayo tu."

Mama Pasi alitarajia kitanda na maswali ya kipolisi. Alikuta chumba kidogo, viti viwili, tishu mezani na pazia refu dirishani. Mtaalamu alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya chini.

"Karibu, dada. Utakayosema humu yatabaki humu. Ila nikiona maisha yako au ya mwingine yako hatarini, itabidi nimhusishe mtu, na wewe utakuwa wa kwanza kujua. Tutakutana kila wiki, tutazungumza. Mwanzoni unaweza kujisikia vibaya kuliko ulivyokuja. Ukifagia chumba kilichofungwa siku nyingi, vumbi hupanda kwanza. Na ukiona hatuivi chungu kimoja, sema, nikutafutie mwingine."

"Nianzie wapi?"

"Popote."

Mama Pasi akainamisha macho. Chini ya pazia, miguu ile imesimama.

"Yupo," akanong'ona.

Hakuambiwa kwamba hapana kitu. Mtaalamu alisogeza kiti chake, wakakaa bega kwa bega wakilitazama pazia.

"Mimi simwoni. Niambie unachokiona wewe."

"Miguu. Imelowa."

"Ya nani?"

"Ya mdogo wangu. Nilimwosha mimi, kwa mikono yangu. Shangazi akanishika bega, akaniambia, 'Usilie, mwanangu, chozi lisimdondokee.' Nikajikaza. Mpaka leo hakuna aliyeniambia, haya, sasa lia."

Pazia likatikisika. Dirisha lilikuwa limefungwa. Na hapo kilio kikamtoka, kilio cha tumboni kilichomkunja kitini. Mtaalamu hakumnyamazisha.

Wiki ile mwili ulimuuma kama aliyepigwa, na miguu haikuondoka kazini. Akaapa hatarudi. Kisha akarudi, akamweleza yule mama kwamba hataki kurudi, na hilo nalo wakalizungumza.

Miezi ikapita. Miguu ikaanza kusimama mbali, safu ya mwisho, penye mvuke mzito. Halafu ikaacha kuja. Siku alipotambua hivyo hakufurahi. Aliona kama amefiwa upya, akapitisha mkono kwenye mashuka akimtafuta. Alipofika nyumbani alimwambia mumewe kila kitu.

Mume akaweka kikombe chini. "Hujawahi kunisimulia, shemeji alikuwaje hasa alipokuwa mdogo?"

"Mbishi!" Mama Pasi akasema. "Angebishana hata na saa ya ukutani. Siku moja tulipokuwa wadogo..."

Akacheka, machozi yakamtiririka, akaendelea kusimulia. Watoto waliokuja kuuliza chakula wakaketi sakafuni kumsikiliza.